Fungueni Bandeji

Hotuba kwa wafiziotherapia, wauguzi na jamaa za wagonjwa, Tononoka, Mombasa

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Wazee wetu, mama zangu, wauguzi, wafiziotherapia wenzangu, na nyinyi mliokuja mmewashika wagonjwa wenu mkono katika jua hili la saa saba, ahsanteni sana. Nimeombwa nizungumzie vidonda katika kazi yetu ya fiziotherapia. Najua wako watakaojiuliza, daktari wa mazoezi na vidonda wapi na wapi? Nami kwa miaka mingi nilijiuliza hivyo hivyo. Basi nianze na mzee aliyenifumbua macho, na ilimgharimu yeye, haikunigharimu mimi.

Jina lake nalihifadhi, na hospitali niliyokuwa nikifanyia kazi wakati ule siitaji. Alikuwa mvuvi, mtu wa upande wa Likoni. Aliletwa kwangu baada ya kiharusi, mkono na mguu wa kushoto vimelegea. Kila Jumatatu na Alhamisi binti yake alimvusha kwa feri, wakachukua tuktuk, wakafika kabla sijamaliza kupanga viti. Mguu wa kulia, ule mzima, ulikuwa na bandeji. Siku ya kwanza nilimuuliza ana nini. Akaniambia, "Kidonda tu hiki mwanangu, cha sukari. Nesi hunisafishia." Nikaridhika. Nikamshika kiunoni, nikamsimamisha baina ya vyuma, nikamwambia, "Mzee, uzito wote tupa mguu wa kulia. Sukuma kwa vidole. Haya, hatua."

Wiki ya kwanza alipiga hatua nne. Wiki ya tatu alikwenda na kurudi, tukampigia makofi, binti yake akalia kwa furaha. Wiki ya tano hakuja. Wiki ya sita nikapata habari kwamba mguu umekatwa chini ya goti. Mguu wa kulia.

Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, pale pale nilipokuwa nikimwambia asukumie. Nesi alikuwa akikisafisha asubuhi, nami saa mbili baadaye nikimfundisha kukiponda. Wiki nne nzima sikuifungua ile bandeji hata mara moja, kwa sababu kichwani mwangu kidonda kilikuwa kazi ya nesi na mwendo ulikuwa kazi yangu. Mguu wa yule mzee haukujua mgawanyo huo wa kazi.

Hicho ndicho kilichonileta mbele yenu. Kidonda cha unyayo, cha kisigino, cha makalio, kinatokana na uzito, na kinabaki wazi kwa sababu ya uzito. Na hapa ukumbini, watu waliosomea uzito wa mwili, namna unavyobebwa, unavyohamishwa, unavyopunguzwa mahali pamoja na kupelekwa pengine, ni sisi wafiziotherapia. Tukikaa kando, mgonjwa atabadilishiwa dawa mpaka dawa ziishe dukani.

Acheni nieleze inavyokuwa, kwa maana nyumba nyingi za Mombasa zina mtu wa sukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na iliyo mirefu zaidi huumia mwanzo. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni. Pamoja na ganzi, misuli midogo ya mguu hunyong'onyea, vidole hujikunja kama makucha, na vichwa vya mifupa vilivyo nyuma ya vidole husukumwa chini. Jasho nalo hukauka, ngozi ya kisigino ikapasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijui ufa unaostahili msemo huo kuliko ule wa kisigino cha mtu wa sukari. Pale mfupa unapobonyeza, ngozi hujikinga kwa kuota sugu. Sugu ikawa nene, ikawa ngumu, ikageuka kijiwe kilichokwama ndani ya kiatu, ila kijiwe hiki hukitoi kwa kuvua kiatu. Chini yake damu huvilia. Siku moja pakafunguka.

Mimi na wewe tukikanyaga mwiba tunachechemea. Kule kuchechemea ni dawa, ndiyo njia ya mwili ya kuondoa uzito palipoumia. Mtu wa ganzi hachechemei. Anatembea wima, mwendo mzuri, huku nyama inasagika. Wenzangu, mkimwona mtu ana kidonda unyayoni na anatembea sawasawa, mwendo ule mzuri ndio ugonjwa wenyewe.

Jambo hili dunia ililijua kupitia wagonjwa wa ukoma. Alikuwako daktari mpasuaji, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, akaanza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946. Wakati huo watu waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma inaoza yenyewe. Brand akawatazama wagonjwa wake kwa makini: mmoja anashika sufuria ya moto, mwingine anatembea na msumari ndani ya kiatu, wala hawana habari. Akaona kwamba nyama yao inapona kama ya mtu yeyote mradi iepushwe na majeraha yasiyosikika. Alipoufunga mguu ndani ya plasta ngumu, kidonda kilichokaa miaka kilifunga kwa wiki. Baadaye alihamia Carville, Louisiana, kwenye hospitali ya ukoma ya Marekani, na kutoka huko njia hiyo ikaenea kwa wagonjwa wa sukari.

Hiyo plasta nataka niielezee vizuri, kwa kuwa vifaa vyake vingi viko katika kila chumba cha kufungia mifupa. Inaitwa plasta ya kugusa kote. Mgonjwa hulala kifudifudi, goti limekunjwa, unyayo unatazama dari, kifundo kimewekwa pembe mraba. Kidonda kimesafishwa, kimefunikwa. Baina ya vidole unaweka shashi ili jasho lisiozeshe ngozi. Kwenye vifundo na mbele ya muundi unaweka vipande vya feliti, kile kitambaa kinene laini. Kisha plasta, na hapa ndipo ufundi ulipo: unaikandamiza kwa viganja ifuate upinde wa unyayo na umbo la shavu la mguu, wala huigusi kwa ncha za vidole, kwa sababu kila alama ya kidole itakayogandia ndani ni kidonda kipya. Ikikauka, uzito uliokuwa ukitua mahali pa ukubwa wa kitufe cha shati unatawanyika unyayo mzima na sehemu yake inapanda hadi kwenye muundi. Mgonjwa anatembea, kidonda kimepumzika.

Ya kwanza unaibadilisha baada ya siku chache tu, maana uvimbe hushuka na plasta ikalegea, na plasta iliyolegea husugua. Halafu kila wiki, au wiki mbili. Mwenye usaha humfungi. Ambaye damu haifiki mguuni humfungi. Hapo hakuna mjadala.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2001 uliwafuata wagonjwa wa sukari kwa wiki 12. Waliofungwa plasta hii, karibu 90 katika kila 100 vidonda vilifunga. Waliopewa kiatu kirefu cha kuvua na kuvaa, 65. Kwa nini tofauti kubwa hivyo, na kile kiatu kikipimwa kinapunguza uzito karibu sawa? Mwaka 2003 wakawawekea wagonjwa vipima hatua, kimoja mwilini na kingine ndani ya kiatu kwa siri. Wakagundua kiatu kilivaliwa katika hatua 28 tu kati ya kila 100. Nyumbani kilivuliwa. Kwenda msalani kilivuliwa. Sasa, msiwalaumu wagonjwa. Asiyesikia maumivu hana kinachomkumbusha. Plasta inashinda kwa sababu haivuliki, basi. Na pale mtu amepewa kiatu cha kuvua, wenzetu huzungusha mkunjo mmoja wa plasta juu yake kikawa hakivuliki, na matokeo hukaribiana na plasta yenyewe.

Sugu je? Sugu hupunguzwa kwa wembe wa daktari, kidogo kidogo, kama anayechonga ganda la embe bila kugusa embe. Mara ya kwanza kuisimamia kazi hiyo nilistaajabu. Juu palionekana sugu kavu, ya manjano, mgonjwa, mama mmoja, akiniambia haina neno. Tukaondoa tabaka la kwanza, la pili, kwenye la tatu pakaonekana doa jeusi la damu iliyovilia, na chini yake shimo la kuingia tambi, na harufu. Kama tungeiacha, tungeendelea kumfanyisha mazoezi juu ya shimo. Lakini kisu ashike aliyefunzwa. Chama cha wafiziotherapia wa Marekani, ambako wenzetu wanafanya kazi hii kwa upana kuliko sisi, kinataka ukataji wa aina hiyo ufanywe na mfiziotherapia mwenyewe, usiachiwe msaidizi. Na gamba jeusi lililokauka kisiginoni, gumu, lisilo na usaha, kwenye mguu usio na damu ya kutosha, likatwe na nani? Asilikate mtu yeyote. Lile ni kifuniko. Mpelekeni kwa daktari wa mishipa ya damu kwanza.

Sasa nije kwetu hasa. Nikiangalia miguu ya watu wa mji huu naona mambo ambayo vitabu vya kigeni havikuyaandika.

La kwanza ni champali. Kikulacho ki nguoni mwako. Ile kamba ya baina ya vidole hukata, na ili champali isichopoke vidole vinajikunja kuishika, kila hatua, kutwa nzima. Mguu ambao vidole vimeshaanza kujikunja wenyewe hauhitaji msaada huo. Dawa yake si kiatu cha bei. Kule Vellore Brand na wenzake walitengeneza ndara za raba laini yenye vitundu vya hewa juu, na chini mpira wa gurudumu la gari. Mpira wa gurudumu! Sisi tuna akala tangu zamani. Nilimpata fundi Mwembe Tayari, nikampelekea karatasi niliyochora unyayo wa mgonjwa, nikamwomba mambo matatu tu: raba laini juu, mkanda mpana juu ya mguu, na mkanda wa nyuma wa kushika kisigino. Na misumari asitumie, agundishe na ashone. Siku hizi hata simwelezi. Anaona karatasi ina alama ya wino mwekundu, anajua pale pana kidonda, anapachonga pawe na kishimo.

La pili ni ibada, na nasema kwa heshima zote. Swala za faradhi kwa siku zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijda 2. Hizo ni sijda 34, na katika kila moja vidole vya miguu hukunjwa na kubeba uzito. Kwenye kikao cha tahiyatu mguu wa kulia husimamishwa juu ya vidole. Mwenye kidonda chini ya kidole gumba cha kulia anakibonyeza hivyo kila siku, na hakuna mfiziotherapia aliyemuuliza. Mimi huuliza, "Mzee, unaswali vipi?" Namwomba anionyeshe mkao palepale kwenye mkeka, natazama uzito unapotua. Kisha namwambia kwamba mwenye udhuru ana ruhusa ya kuswali ameketi kitini, na kwamba kuna ruhusa ya kupangusa juu ya bandeji wakati wa udhu badala ya kuilowesha. Mwingine hanikubalii mimi, namwambia amuulize imamu wake, na hurudi amekubali. Kwa mguu usio na bandeji, mkimaliza udhu kausheni baina ya vidole. Na adhuhuri, mwenye ganzi asivuke vigae vya uani vilivyopigwa na jua akiwa peku. Mchanga wa pwani saa nane ni vivyo hivyo. Unaweza kuungua malengelenge usijue mpaka uone soksi imelowa.

La tatu ni beseni. Kila nyumba, mtu akiwa na kidonda, huwekewa maji ya moto na chumvi aloweke mguu, au ateremshwe baharini asubuhi. Nataka niwape kisa cha taaluma yetu wenyewe. Zamani fiziotherapia na vidonda vilikutana kwenye beseni kubwa la chuma lenye maji ya kuzunguka. Ilikuwa ndiyo kazi yetu ya vidonda, vizazi na vizazi. Mwaka 2014 chama cha wafiziotherapia wa Marekani kilitangaza wazi kwamba mabeseni hayo yasitumiwe tena kwa vidonda. Mguu ukining'inia ndani ya maji ya uvuguvugu huvimba. Mkondo wa maji hung'oa nyama changa pamoja na iliyokufa. Na vijidudu vya mgonjwa mmoja humngoja wa pili kwenye mabomba. Waliobobea waliacha kitu walichokizoea miaka yote hiyo, sembuse sisi na beseni la plastiki? Mwenye ganzi hajui maji ni ya moto kiasi gani. Bahari nayo ina vijidudu vinavyoweza kumuua mtu wa sukari kupitia kidonda.

Osheni kwa kumimina. Chemsheni nusu lita ya maji, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kikiwa sawasawa bila kilima, acheni yapoe, mimineni juu ya kidonda. Zile dawa za kutoa povu, spiriti, majivu, dawa ya meno, unga wa kapsuli za rangi mbili, wekeni mbali. Povu mnalolifurahia linachoma pia chembe mpya zinazojaribu kuziba. Wala msiache kidonda wazi "kikauke". Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu linaota ngozi upesi, kama mara mbili ya lililoachwa likakauka na kufanya gamba. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado kila wiki naletewa kidonda kilichoanikwa kama papa.

Kuhusu vidonda vya shavu la mguu, juu kidogo ya kifundo, vyenye majimaji na ngozi nyeusi ngumu kuvizunguka, nitasema machache. Vile vinatokana na mishipa inayorudisha damu juu kushindwa kazi. Mkandamizo wa bandeji maalumu ndio tiba, lakini kabla ya kukandamiza pima presha ya kifundo na ya mkono, ugawanye ya kifundo kwa ya mkono. Ikiwa ni 0.8 kwenda juu na haivuki kiasi, endelea. Ikiwa chini ya 0.5, ukikandamiza utaua mguu. Kwa mtu wa sukari namba inaweza kudanganya ikawa kubwa kwa sababu mishipa imekuwa migumu kama bomba, kwa hivyo tumia na vidole na macho. Halafu mazoezi: shavu la mguu ni pampu, kila ukipanda juu ya vidole linasukuma damu kurudi moyoni. Kifundo kilichokakamaa hakipampu. Hapo hakuna wa kutushinda sisi. Zipo pia mashine za umeme wa kidogo kidogo zinazosaidia vidonda sugu. Kule Marekani bima ya wazee inazilipia, lakini baada tu ya siku 30 za matunzo ya kawaida kushindwa. Tukamilishe hayo ya kawaida kwanza.

Nitakaa kidogo kwa waliolala kitandani, kwa sababu hawa ndio tunaowaendea nyumbani, Kisauni, Changamwe, Mji wa Kale ghorofani ambako ngazi yenyewe ni mtihani. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Ngozi zetu wengi hazioneshi wekundu. Tafuteni mahali palipo na weusi zaidi au zambarau kuliko pembeni, kisha wekeni nyuma ya mkono: pana joto kuliko pengine? Pamekuwa pagumu, au pamebonyea kama embe lililoiva upande mmoja? Hapo kidonda kimeshaanza ndani. Msipasugue, mtavunja kilichosalia. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, na asilale ubavu moja kwa moja juu ya mfupa wa nyonga, aegemezwe nusu kwa mto mgongoni. Visigino vielee hewani: mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse godoro. Wale mnaonunua mpira wa duara wenye tundu katikati ili mgonjwa akalie, tafadhali acheni. Unakaba damu pembeni mwa tundu. Na anayetumia kiti cha magurudumu ajifunze kuinama mbele, kifua kuelekea mapajani, dakika 2 nzima, mara kwa mara mchana kutwa. Kujinyanyua kwa sekunde tano hakutoshi damu kurudi.

Mama mmoja wa Mji wa Kale alimuuguza mumewe miaka mitatu baada ya kiharusi na hakupata kidonda hata kimoja. Nilimuuliza siri yake. Akanionyesha ukutani, pembeni ya kalenda, alikuwa ameandika kwa mkaa: adhana, kulia, nusu, kushoto, adhana, mgongo. Aligawa siku kwa adhana na katikati ya adhana. Usiku alitega simu. Sijaona ratiba nzuri kuliko ile katika wodi yoyote niliyofanyia kazi.

Kwa moto na maji ya moto, mtoto aliyemwagikiwa na uji au mafuta ya viazi karai, neno moja: mkao anaoupenda ndio utakaomlemaza. Atakunja kiwiko, atainamisha shingo, kwa sababu hivyo hapati maumivu. Kovu nalo litagandia hapo. Mleteni kwetu siku za mwanzo, msingoje kidonda kipone, maana kikishapona katika mkunjo, kazi iliyobaki ni ya kisu.

Nageukia wenzangu. Sheria ya Wafiziotherapia ya mwaka 2014 ilitupa baraza letu na heshima yetu. Nchi nyingine matunzo ya vidonda ni fani ya ubobezi ndani ya fiziotherapia. Sisi hapa tumeisoma juu juu, na tukishaingia kazini tunaisahau. Siwaombi mnyang'anye wauguzi kazi. Muuguzi wa kliniki ya sukari amenifundisha mimi zaidi ya nilivyomfundisha. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa akiingia na bandeji, iwe mguuni, iwe kiunoni, tumwite muuguzi tuifungue pamoja kabla ya hatua ya kwanza. Tupime urefu na upana kwa rula, tuandike tarehe. Kidonda cha unyayo wa sukari ambacho baada ya wiki 4 hakijapungua nusu ya eneo lake kina uwezekano mdogo wa kufunga kwa njia ile ile, basi tusiendelee kumbembeleza mgonjwa avumilie. Tubadilishe tiba, tumpeleke mbele. Na kama hatuna namna ya kumwondolea uzito siku hiyo, mazoezi ya kutembea yangoje. Mikono ifanye kazi, kifua kifanye kazi, mguu usubiri.

Yule mzee wa Likoni alirudi kwangu, mjue. Baada ya miezi minne, na mguu wa bandia. Nilimwambia yote haya, nikamwomba radhi mbele ya binti yake. Aliniambia, "Sasa huu mmoja uliobaki, mwanangu, utauangalia?" Tangu siku ile kila alipokuja niliuvua kiatu mwenyewe, nikautazama chini, na baina ya vidole, kabla hatujasema habari za asubuhi.

Chai inakuja. Kabla haijafika naomba mfanye jambo moja. Kila mmoja na jirani yake, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, au mtu na mkewe. Vueni viatu na soksi. Anayeguswa afumbe macho. Anayegusa atumie ncha ya kidole cha shahada, taratibu, sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu, cha kati, cha mwisho, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Usibonyeze, usipapase, ukikosea usirudie. Anayeguswa aseme "ndiyo" kila anapohisi. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote. Vidole ni sita. Atakayekosa kuhisi viwili au zaidi aje kwenye meza ile ya dirishani, nina uzi wa nailoni wa kupimia, ule unaopinda kwa gramu 10, tutampima tena kwa utulivu. Na aliyekuja na bandeji aje wa kwanza. Mama pale mwenye leso ya njano, anza na shangazi yako. Usiogope, vua tu kiatu.